Je, Wajua? Jadi ya Mto Tana Ina Mahesabu Yake

Je, wajua kwamba pande za Chewele usasa ulitangulia kufika, ukasimama njiani, na jadi ikaendelea na safari yake?

Chewele ni wadi ya eneobunge la Bura, Kaunti ya Tana River. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Kenya, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ilianza kujenga Mradi wa Unyunyizaji wa Bura katika nyika hiyo. Karatasi zilisema hekta 6,700 za pamba na mahindi, na wakulima wasio na ardhi wa kuletwa kutoka kila pembe ya nchi. Wa kwanza walifika mwaka 1981. Maji yalivutwa kutoka mtoni na mashine za dizeli zilizowekwa Nanigi. Dizeli ikapanda bei, pampu zikachoka, gharama zikavimba mpaka Bura ikatajwa miongoni mwa miradi ya umwagiliaji iliyokula fedha nyingi zaidi kwa kila hekta. Eneo lililolimwa halikufika hata nusu ya lile la kwenye ramani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi ulikuwa umelala. Baadaye ulifufuliwa, na serikali ikageukia mfereji wa kuleta maji kwa mteremko ili kuachana na pampu, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuona maji yakitiririka angeweza kulishauri mapema.

Miaka yote hiyo Waorma, wafugaji wa bonde la Tana, walikuwa wakipita pembeni na ng'ombe wao, wakienda malishoni masika na kurudi mtoni kiangazi. Hawakuwa wajinga wa mradi. Waliuona ukijengwa, waliona taa zake, na waliona mifereji ikikauka.

Hola, kusini ya hapo, ilikuwa na mradi wake uliotangulia. Huo ulianza mwaka 1953, na mifereji yake ilichimbwa na mahabusu wa vita vya Mau Mau. Ni katika kambi yao ambamo mahabusu 11 walipigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959 walipokataa kazi. Mwaka 1989 mto ulihama njia yake, ukaiacha pampu ya Hola ikitazama mchanga. Mpokomo, mkulima wa kingo za Tana, asingeshangaa. Babu zake walijua kwamba Tana hauna makao ya kudumu, ndiyo maana mashamba yao hukatwa kwa vipande virefu kuanzia ukingoni kuelekea ndani, ili kila ukoo upate ardhi ya juu ya ndizi na maembe, na bonde la chini la mpunga. Mto ukila upande mmoja, angalau hakuna aliyebaki bila kitu kabisa.

Na mathenge je?

Mti huu wa miiba kutoka nchi za Amerika ulipandwa Bura mapema miaka ya 1980. Nia ilikuwa njema: wakulima wapya wangehitaji kuni, na bila chanzo kingine wangemaliza msitu wa kando ya mto. Mti ukastawi kuliko pamba, kuliko mahindi, kuliko mradi wenyewe. Ukaingia malishoni, ukaziba njia za mifugo, ukasogea mpaka kwenye kingo. Huko Baringo, ulikopandwa pia, Wailchamus waliishtaki serikali katika miaka ya 2000 na kumpeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno awe kielelezo. Maganda matamu ya mathenge huozesha meno ya mifugo. Ninavyoona mimi, hakuna shahidi aliyewahi kueleza athari za maendeleo kwa uwazi kama mbuzi yule, na hakusema neno.

Nimeanza na Bura kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu jadi mara nyingi huanza mahali pasipo pake. Tunamchukulia mfugaji wa Tana kama mtu ambaye habari hazijamfikia. Habari zimemfikia. Ana simu, ana binamu Mombasa, ana mtoto aliyehitimu chuo. Akiamua kubaki na ng'ombe, ameamua. Waamishi wa Marekani wameliweka jambo hili katika kanuni za dini yao: hawabatizi watoto wachanga, humngoja kijana akue ndipo aseme mwenyewe kama anabaki katika maisha yasiyo na gari wala umeme wa gridi. Huku kwetu hakuna sherehe ya namna hiyo. Uamuzi hufanywa kimyakimya, kila ukame, kila mafuriko.

Je, wajua kwamba ng'ombe wa Waorma wana siri ambayo wanasayansi walikwenda kuichunguza?

Kando ya Tana kuna mbung'o, na mbung'o hueneza nagana, ugonjwa unaokondesha ng'ombe na kumuua. Katika miaka ya 1980 watafiti wa KETRI, taasisi ya utafiti wa ugonjwa huo, waliweka makundi mawili ya ng'ombe aina ya Boran kwenye ranchi ya Galana: Boran walioboreshwa wa ranchi, na Boran wa Waorma. Wale wa Waorma waliambukizwa kwa nadra zaidi, na hata walipoambukizwa walistahimili vizuri zaidi upungufu wa damu. Hawakuwa na kinga kamili, lakini walishinda wenzao waliotunzwa kwa vitabu. Vizazi vya kulishwa pembezoni mwa msitu wenye mbung'o, na vizazi vya wachungaji wanaochagua ndama yupi abaki na yupi auzwe, vilifanya kazi ambayo ranchi haikuwa imeifanya.

Kuna la ziada. Watafiti wa mifugo waliokaa na Waorma wa Tana River na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002 walikuta kwamba wafugaji hutofautisha namna mbili za ugonjwa huo: *gandi*, unaomla ng'ombe polepole, na *buku*, unaokuja na kutoka damu na kuua haraka. Maelezo ya wazee yalilingana na yale ya madaktari kwa kiasi cha kuwafanya madaktari waandike makala.

Mwaka 1919 baadhi ya watu wa jamii hii waliwekewa bei ya jadi yao, nayo ilihesabiwa kwa ng'ombe. Vita vya karne ya 19 vilikuwa vimewaacha Waorma wengi mikononi mwa Wasomali, mashariki ya mto. Serikali ya kikoloni ilipoweka Makubaliano ya Tana mwaka huo, iliwapa nafasi ya kuchagua: wabaki na wenyeji wao, au wavuke kwenda magharibi kwa ndugu zao, ila wanaovuka waache nusu ya ng'ombe. Nusu ya ng'ombe! Kwa mfugaji hiyo ni nusu ya mahari, nusu ya maziwa ya watoto, nusu ya heshima barazani. Wapo waliovuka, wapo waliobaki. Kizazi cha waliobaki, kinachojulikana kama Wawardei, kinazungumza Kisomali na kinajua asili yake ni Orma; leo wengi wao wako upande wa magharibi, Bura na kuendelea, na bado wanafuga.

Lugha huhama, kazi hubaki

Tana ina watu waliochukua lugha ya jirani bila kuchukua maisha yake. Wamunyoyaya, wavuvi na wakulima wa kingo za juu, huzungumza lugha ya jamii ya Kioromo kama wafugaji, lakini mkono wao uko kwenye nyavu na jembe. Wamalakote wanazungumza Kibantu kilichochanganyikana na Kiorma. Kuelekea pwani, kati ya Tana na Lamu, wapo Wadahalo, wachache wa kuhesabika kwa mamia tu, ambao lugha yao ya Kikushi ina sauti za kubofya ulimi tulizozoea kuzihusisha na Wasandawe na Wahadza wa Tanzania. Inadhaniwa ni mabaki ya lugha waliyokuwa nayo kabla.

Nyimbo nazo huhama. Wimbo wa Taifa wa Kenya ulichukua lahani yake kutoka kwa wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Kamati ya wanamuziki iliyokuwa na Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi iliutengeneza mwaka 1963. Kila Jumatatu asubuhi watoto wa shule wa Turkana na wa Kisii husimama wima kwa sauti iliyotungwa kulaza mtoto mchanga kando ya Tana.

Je, wajua kwamba bahari humwagilia mpunga, tena kwa maji matamu?

Hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Karibu na mdomo wa mto, vijiji kama Ozi katika eneobunge la Garsen vimekuwa vikilima mpunga bila pampu wala bwawa. Maji ya bahari yakijaa, hasa wakati wa bamvua, huusukuma mto urudi nyuma. Maji ya chumvi ni mazito, hukaa chini. Maji matamu ya mto huinuka na kumwagika pembeni. Mkulima aliyefungua kijifereji chake kwa wakati hupata maji shambani, kisha huziba kabla bahari haijapwa. Inabidi ajue mwezi, ajue upepo, ajue mto umeshiba kiasi gani. Bura ilihitaji dizeli. Ozi ilihitaji kalenda ya mwezi.

Lakini ujuzi huo una sharti: mto uwe na nguvu ya kuizuia bahari. Mabwawa ya umeme ya juu, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga lililokamilika mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, yamepunguza mafuriko ya masika na vuli yaliyokuwa yakirutubisha mabonde. Mto ukidhoofika, chumvi hupanda. Ozi wameshuhudia mashamba yakichachuka na miembe ikifa imesimama. Mtu wa Nairobi akiwasha taa hafikirii mpunga wa Ozi, na sidhani ni kosa lake, hakuna aliyemwambia.

Mto wenyewe huingia baharini Kipini kwa sababu ya mkono wa binadamu. Enzi za usultani wa Witu, karne ya 19, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi, ili mashua zisilazimike kuzunguka kwa bahari kuu. Mto ukaupenda mfereji, ukaupanua, ukahamia humo na mzigo wake wote. Mdomo wa zamani ukabaki na jina.

Usidhani jadi za mtoni hukaa pamoja kwa tabasamu. Malka ni njia ya kuteremshia mifugo mtoni, na malka hupita baina ya mashamba. Mpokomo anataka ukingo, Mworma anataka maji yaliyo nyuma ya ukingo. Kwa miaka mingi wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadeda, baraza la Waorma, walipatana: mifugo iingie lini, ipite wapi, fidia ya mahindi yaliyoliwa ni kiasi gani. Serikali ilipotaka kupima ardhi na kutoa hati mapema miaka ya 2000, Wapokomo wengi waliunga mkono, Waorma wakaona malka zikifungwa kwa karatasi. Damu ilimwagika. Ikamwagika tena kuanzia Agosti 2012, pale watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, walipouawa katika kijiji cha Riketa kwa siku moja. Kabla ya mwaka mpya kukomaa waliokufa pande zote walikuwa wamepita 100. Anayesifia maisha ya jadi ya Tana bila kutaja malka anauza picha za kalenda.

Mwaka huohuo wa 2012, mwezi Septemba, Delta ya Tana iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, hekta 163,600. Na Februari 2013 Mahakama Kuu ikaagiza mpango wa matumizi ya ardhi ya delta uandaliwe kwa kuwashirikisha wakazi, kesi iliyotokana na mipango ya mashamba makubwa, ukiwemo mradi wa miwa wa hekta 20,000. Wafugaji na wakulima, waliokuwa wakiviziana, walijikuta upande mmoja wa mahakama.

Je, wajua kwamba kuna jadi isiyoweza tena kuchaguliwa?

Wata walikuwa wawindaji wa tembo. Upinde wao ulikuwa mzito kiasi kwamba Wazungu wenye vifua vipana walishindwa kuuvuta mpaka mwisho, na mishale yao ilipakwa sumu ya mmea. Baada ya serikali ya kikoloni kuwakamata wengi kwa ujangili miaka ya 1950, baadhi ya maofisa walijiuliza kama haingekuwa busara zaidi kuwaacha wawinde kwa kipimo. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, uliowaruhusu kuvuna wanyama kihalali na kuuza nyama na pembe. Haukulipa, ukafa, eneo likageuzwa ranchi ya ng'ombe. Ranchi ileile ya majaribio ya nagana. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Kwa hiyo Mwata wa leo anaweza kuchagua kuwa mkulima, askari wa wanyamapori, mrina asali au mchoma makaa. Kazi ya babu yake ni kifungo jela.

Wapokomo nao wana kitu kilichowekwa mbali na uchaguzi wao. *Ngadji*, ngoma kuu iliyokuwa chanzo cha mamlaka ya utawala wao na isiyoonwa na kila mtu, ilichukuliwa na afisa wa kikoloni na kuingia British Museum, London, mwaka 1908. Imekaa ghalani. Viongozi wa Kipokomo walioomba irudishwe wamekutana na ukuta wa sheria: Sheria ya British Museum ya 1963 huwazuia wadhamini kutoa mali ya makumbusho isipokuwa kwa sababu chache sana. Unaweza kuandaa tamasha la utamaduni Ngao au Garsen, ukapika, ukacheza, ukavaa. Ngoma yenyewe iko katika kabati la watu wengine na ina namba.

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 44, inampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni autakao. Wengi husimama hapo. Kifungu cha tatu cha ibara hiyohiyo kinasema hakuna mtu atakayemlazimisha mwenzake kufuata desturi yoyote. Wazee hupenda kifungu cha kwanza. Binti wa miaka 13 anayetajiwa ukeketaji au ndoa anahitaji cha tatu. Kupiga vita ukeketaji kuna sheria yake pia, ya mwaka 2011. Nikitetea haki ya mtu kuchunga ng'ombe, siwezi kumnyima dada yake haki ya kukataa.

Setilaiti inayotazama nyasi

Mwezi Januari 2010 bima ya mifugo ya namna mpya ilianza kuuzwa Marsabit, ikiongozwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI. Hakuna mkaguzi anayekwenda kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho kutoka angani. Ukishuka chini ya kiwango, waliojiunga hulipwa. Mwaka 2013 Wajir ikapata ya takaful, isiyo na riba, kwa wafugaji Waislamu. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake wa kitaifa, ukianzia Turkana na Wajir, na Tana River ikaingia baadaye. Mfugaji hulipwa mapema, anunue majani na maji wakati ng'ombe bado wamesimama. Watu wanaosema ufugaji wa kuhamahama ni wa karne zilizopita wangefaa kuulizwa wao wenyewe mali yao inalindwa na chombo gani cha angani. Umoja wa Mataifa, kwa upande wake, umeutenga mwaka 2026 uwe Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji.

Soko nalo limeingia bila kuufuta ufugaji. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Jean Ensminger, alianza kuishi na Waorma wa Galole mwishoni mwa miaka ya 1970 na akawarudia kwa miongo kadhaa. Aliona wengi wakipunguza kuhama, wakifungua maduka, wakiajiriwa, huku ng'ombe wakiendelea kuchungwa na vijana mbali. Kisha akashiriki utafiti uliofanywa katika jamii ndogo 15 duniani. Mchezo mmoja ulikuwa hivi: watu wawili wasiojuana, mmoja anapewa pesa, anaamua amgawie mwenzake kiasi gani, mwenzake akikataa, wote wawili wanakosa. Kwa wastani Waorma walitoa asilimia 44, wakati Wamachiguenga wa Peru walitoa 26. Na miongoni mwa Waorma, wale waliozoea soko zaidi, wauzaji na waajiriwa, walitoa zaidi ya wenzao. Wanaodhani biashara huwafanya wafugaji wachoyo walipata cha kufikiria.

Mchezo wa pili uliwataka watu wanne wachangie mfuko wa pamoja. Mchezeshaji huongeza mara mbili, kisha fedha hugawanywa sawa hata kwa asiyechanga. Haukuhitaji maelezo marefu. Waorma waliupa jina palepale: mchezo wa harambee. Na waliokuwa na ng'ombe wengi walichanga zaidi, kama wanavyotarajiwa kwenye harambee ya kweli.